Somo la Afya: Upasuaji wa Nguvu za Kiume

Ndugu wasomaji, leo tunasoma jambo ambalo wanaume hulisema kwa kunong'ona. Tukiandika ubaoni maneno "nguvu za kiume", baba zetu hucheka na mama zetu hutazama chini. Basi tucheke kwanza, halafu tusome. Hapa Mlali wapo watu wanaopoteza fedha, na hata ndoa, kwa jambo ambalo hawajawahi kumwambia mganga wa kituo cha afya.

Tuanze na jinsi uume unavyosimama. Ndani yake mna sehemu mbili ndefu, zenye nyama laini kama sponji. Mwanaume akipata hamu, damu huingia kwa wingi katika sponji hiyo, kisha huzuiwa isitoke. Wakulima wa mpunga watatuelewa upesi. Maji yasipofika, jaruba ni kavu. Maji yakifika lakini tuta limetoboka, jaruba ni kavu vilevile.

Mishipa hiyo huharibiwa na nini? Mara nyingi ni kisukari, presha, sigara, au ajali iliyovunja nyonga. Wengine wanasumbuliwa na mawazo, pombe, ugomvi wa nyumbani, au dawa wanazomeza kwa ugonjwa mwingine. Tena mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huweza kuziba mapema. Mtu anadhani amerogwa, kumbe moyo wake unampa habari. Anayekimbilia vumbi la Kongo gulioni hajui anatibu nini.

Kwa hiyo daktari hupima kwanza sukari na presha. Kisha hutoa ushauri au vidonge. Vidonge hivyo visinunuliwe kwa kubahatisha: mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti akivimeza, presha yake inaweza kushuka ghafla hata akafa. Wengi husaidiwa hapo, wala hawahitaji kisu.

Sasa tuje kwenye kisu chenyewe. Upo upasuaji wa kuunga mshipa, ili damu ipate njia mpya ya kuingia. Huo unamfaa kijana mwenye afya aliyeumia nyonga, tuseme kwa ajali ya bodaboda. Mzee wa kisukari haumfai, maana mishipa yake mingi imeshachoka. Upo pia upasuaji wa kufunga mishipa inayovujisha damu. Zamani ulifanywa sana, lakini wengi walirudi na shida ileile baada ya muda, na madaktari wengi wameuacha.

Unaotumika zaidi ni wa kupandikiza kifaa ndani ya uume. Vifaa ni vya namna mbili. Cha kwanza ni vijiti viwili vinavyopindika. Unaviinua wakati wa tendo, unavishusha ukimaliza. Ni rahisi kutumia, ila uume hubaki mgumu kiasi muda wote. Cha pili kina mirija miwili ndani ya uume, mfuko wa maji ya chumvi tumboni, na pampu ndogo ndani ya mfuko wa korodani. Ukibonyeza pampu, maji huingia kwenye mirija na uume husimama. Baadaye unayaachia yarudi. Kifaa hiki cha pampu kilielezwa mwaka 1973 na Dk. Brantley Scott wa Houston, Marekani, pamoja na wenzake. Hapa kwetu Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kutoa huduma ya kupandikiza mwaka 2023.

Kifaa hakileti hamu, wala hakirefushi uume. Hakizuii mkojo wala mbegu. Mgonjwa husubiri wiki 6 hivi kabla ya kurudia tendo. Lakini sikilizeni hili vizuri, ndugu zetu: sponji ikishaondolewa nafasi yake, hairudi. Kifaa kikitolewa baadaye, vidonge haviwezi tena kusaidia kama zamani. Wadudu wa ugonjwa wakiingia, mara nyingi kifaa hutolewa chote, na mwenye sukari isiyodhibitiwa yuko katika hatari zaidi. Baada ya miaka kadhaa pampu nayo inaweza kuharibika na kuhitaji upasuaji mwingine.

Gharama yake ni mamilioni ya shilingi. Tunajua mtu akikwama huliangalia shamba. Lakini kwa mila za Waluguru shamba la ukoo wa mama haliuzwi kimyakimya, wajomba watauliza. Je, utawajibu nini? Afadhali uwe umeanzia kituo cha afya, ukapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Morogoro, ukaambiwa na daktari bingwa kwamba njia nyepesi zimekwisha. Tena nenda na mkeo. Yeye naye ana maswali.

Liko jambo moja lisilosubiri. Uume ukisimama kwa muda wa saa 4 au zaidi, bila hamu na kwa maumivu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Huwapata hasa wenye selimundu, wakiwamo watoto wa kiume, na mtoto huona haya kumwambia mama yake. Daktari huitoa damu iliyokwama humo kwa sindano. Mgonjwa akicheleweshwa, sponji hupata makovu na nguvu zinaweza kupotea kabisa angali kijana. Mama mwenye mtoto wa selimundu amweleze mapema, kwa maneno ya kawaida, kwamba jambo hilo likitokea aseme.

Kwa mjadala wa kikundi: Kwa nini daktari hupima sukari kabla ya kuzungumzia upasuaji? Mwanaume aulize mambo gani kabla ya kutia sahihi karatasi ya upasuaji? Kutoka kitongojini kwenu, mgonjwa wa usiku atafikaje hospitali?