Ndoana Kwanza, Ufito Mwisho: Namna ya Kuchagua Vyombo vya Kuvulia Mbuta

Kwa watu wakaao kando ya Ziwa Viktoria katika sehemu za Bondo, kama vile Usenge, Uhanya, Wichlum na kisiwa cha Mageta, ziwa ni shamba. Mkulima mwenye akili huutazama udongo kabla ya kununua jembe, na mvuvi vilevile hana budi kumtazama samaki kabla ya kununua vyombo. Aghalabu mambo huenda kinyume. Mtu aingiapo dukani huvutwa kwanza na ufito unaong'aa. Kisha hutazama kigurudumu cha kukunjia mshipi. Na fedha inayosalia ndiyo anayonunulia mshipi na ndoana, tena zilizo rahisi kuliko zote. Akifika ziwani, samaki hapambani na ufito. Hupambana na ndoana.

Somo hili laeleza kwa nini mpango huo wafaa kugeuzwa: ndoana ichaguliwe kwanza, kisha kigwe, kisha mshipi, kisha kigurudumu, na ufito uwe wa mwisho.

SAMAKI ANAYETAFUTWA

Mbuta, ambaye Tanzania huitwa sangara na Uganda huitwa mputa, si mwenyeji wa asili wa ziwa hili. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila mahali, na fulu, wale samaki wadogo wa asili, wakapungua sana. Mbuta ni mla nyama. Huvizia kando ya miamba na mahali ambapo kina hubadilika ghafula, kisha humeza windo lake zima kwa kinywa kipana. Mkubwa aweza kupita kilo 100. Hana meno marefu, bali meno mengi madogo yanayokwaruza kama msasa, na vifuniko vya mashavu yake vina ncha kali.

Katika Ziwa Naivasha yuko mwindaji mwingine, samaki aitwaye besi, aliyeletwa kutoka Marekani na kutiwa ziwani humo mwaka 1929. Mafunzo mengi juu ya fito na vigurudumu, yaliyoandikwa Marekani, yalitungwa kwa ajili ya besi. Tabia za samaki hawa wawili zafanana, kwa maana wote huvizia na kushambulia kwa nguvu. Lakini besi wa kilo 4 ni mkubwa wa kusifiwa, hali mbuta wa kilo 4 bado ni kijana. Basi mtu achukuaye vyombo vya besi kama vilivyo na kwenda navyo mkondo wa Rusinga, amechukua kisu cha jikoni kwenda kukatia mti.

NDOANA

Namba za ndoana huwachanganya wengi. Ndoana za kawaida zenye namba 1, 2, 3 na kuendelea huwa ndogo zaidi kadiri namba inavyopanda. Namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Lakini zile zinazoandikwa 1/0, 2/0, 3/0 huwa kubwa zaidi kadiri namba ya kwanza inavyopanda. Tena namba ya mtengenezaji mmoja si lazima ilingane kabisa na ya mwingine. Kwa hiyo mnunuzi azitazame kwa macho, aziweke pamoja na kuzilinganisha.

Ukubwa wa ndoana ndio unaochagua samaki. Ndoana ndogo humezwa na kila samaki, mkubwa na mchanga. Ndoana pana pamoja na chambo kikubwa huwashinda wachanga kumeza. Nchi tatu zenye ziwa hili zilipatana kwamba mbuta aliye chini ya sentimita 50 asivuliwe, kwa sababu samaki wa kimo hicho kwa kawaida bado hajazaa hata mara moja. Jike akiachwa akue hutaga mayai kwa mamilioni.

Wako wavuvi wasemao: "Hapana neno, nikimpata mdogo nitamrudisha." Nia hiyo ni njema, lakini mara nyingi imechelewa. Ndani ya tumbo la mbuta mna kifuko cha hewa kinachomsaidia kuelea katika kina chake. Avutwapo upesi kutoka kilindini, uzito wa maji juu yake hupungua, hewa ile huvimba, naye hufika juu amefura tumbo, asiweze kuzama tena. Akirudishwa majini hali hiyo, huelea ubavu mpaka afe au achukuliwe na ndege. Kwa hiyo huruma kwa samaki mchanga yapasa ionyeshwe dukani, siku ile ndoana inaponunuliwa. Ikingojwa mpaka mtumbwini, mara nyingi haina faida.

Ndoana njema ina ncha kali, kijino imara cha kumzuia samaki asichomoke, na tundu lililofungwa vizuri ili mshipi usiteleze na kukatika. Kuijaribu ni rahisi: ncha ipitishwe polepole juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, ni butu, ikishika, yafaa. Ndoana butu hunolewa kwa tupa ndogo, na yenye kutu hutupwa mahali pasipo na watoto. Waya wake uwe wa unene wa kadiri: ulio mwembamba hunyooka kwa samaki mzito, na ulio mnene mno hautoboi mfupa wa kinywa.

KIGWE NA MSHIPI

Baina ya ndoana na mshipi hufungwa kigwe, yaani kipande cha nailoni nene, chenye urefu wa mita moja au mbili. Kazi yake ni kustahimili msasa wa meno na ncha za mashavu. Waya wa chuma si lazima kwa mbuta, maana yeye hakati mshipi kwa meno, bali huusaga kidogo kidogo. Baina ya kigwe na mshipi yafaa kutiwa kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka, ili chambo kikizunguka majini mshipi usisokotane.

Mishipi iko ya namna mbili hasa. Wa kwanza ni nailoni ya uzi mmoja. Huo ni wa bei nafuu na hunyumbuka, hivyo husamehe makosa samaki anaporuka ghafula. Lakini jua huudhoofisha. Wa pili ni mshipi uliosukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Huo haunyumbuki, hivyo mvuvi huhisi samaki anapogusa tu. Ni mwembamba kwa nguvu ile ile, hata mshipi mrefu hutosha katika kigurudumu kidogo. Ubaya wake ni kwamba hukatika upesi ukisugua jiwe, nao hukata mikono. Mwenye kuvua karibu na miamba yampasa atie kigwe kirefu zaidi.

Kila fundo hupunguza nguvu za mshipi, na fundo baya huzipunguza kwa nusu au zaidi. Kabla ya kukazwa, fundo lilowanishwe kwa maji au mate, kwa kuwa nailoni ikisuguana ikiwa kavu hupata joto na kuungua. Baada ya kuvua, mita chache za mwisho zipitishwe katikati ya vidole. Zikiwa na mikwaruzo, zikatwe na fundo lifungwe upya. Mshipi usianikwe juani wala usiachwe juu ya paa la mabati.

KIGURUDUMU NA UFITO

Kigurudumu kina breki, na breki ndiyo inayompa samaki nafasi ya kukimbia bila kukata mshipi. Yapaswa kulegezwa au kukazwa kabla ya kutoka nchi kavu. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba breki iachie mshipi ikivutwa kwa thuluthi ya nguvu za mshipi, au chini kidogo. Mshipi wa kilo 24, basi, breki iachie kwa kilo 8. Kupima si kazi ngumu: ncha ya mshipi hufungwa katika mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wanunuzi wa samaki, kisha huvutwa huku mtu mwingine akisoma kilo.

Kigurudumu kiwe na nafasi ya mita 200 za mshipi au zaidi kwa mbuta wakubwa. Kisioshwe kwa petroli, bali kipanguswe mchanga na kutiwa mafuta kidogo.

Mwisho ni ufito. Ufito wa kuvulia besi huwa na urefu wa mita 2 hivi, mwepesi, na ncha inayopinda kwa urahisi ili chambo kirushwe mbali na mara nyingi. Wafaa kwa mtu asimamaye juu ya mwamba akitupa samaki wa bandia kwa mbuta wadogo wa halali. Lakini kwa kuvuta chambo nyuma ya mashua itakatayo maji polepole, yafaa ufito mfupi na mnene, wenye mgongo wa nguvu. Ufito wa nyuzi za kioo ni mzito kidogo lakini huvumilia kugongwa na kukanyagwa. Ule wa kaboni ni mwepesi na mwepesi wa kuhisi, bali ukigongwa katika ubao wa mashua waweza kupasuka baadaye bila onyo. Pete za ufito zichunguzwe kwa kipande cha pamba: pamba ikinasa, pete ina ufa, nayo itakata mshipi.

Asiye na fedha za ufito wa dukani asidhani amefungiwa mlango. Mshipi wa mkono, uliokunjwa juu ya kipande cha mti, wavua mbuta vizuri kabisa, na mwanzi mmoja wenye mshipi mwembamba na nyungunyungu huvua ngege na fulu ukingoni. Kanuni ni zile zile: ndoana yenye kufaa, fundo jema, mshipi usio na kasoro.

CHAMBO

Mbuta hupenda chambo kilicho hai. Mumi wadogo wasifiwa sana, kwa sababu mumi aweza kupumua hewa na hivyo huishi muda mrefu katika ndoo na hata juu ya ndoana. Ndoana hupitishwa katika nyama ya mgongo, juu ya uti, ili chambo kiendelee kuogelea. Yafaa mumi hao wanunuliwe kwa wafugaji wa samaki wa mabwawa. Kuwakokota kwa nyavu za matundu madogo katika vinamasi na maji haba ni kuharibu mahali ambapo samaki wengi huzaliwa. Kwa sababu kama hiyo Kenya ilipiga marufuku makokoro ya ukingoni mwaka 2001.

MSHIPI MREFU WENYE NDOANA NYINGI

Wavuvi wengi wa Bondo wanaovua kwa ajili ya biashara hutumia kamba ndefu yenye vigwe vingi. Nafasi baina ya kigwe na kigwe izidi urefu wa vigwe viwili vikijumlishwa, la sivyo samaki mmoja akijizungusha atashikamanisha ndoana za jirani. Ndoana zipangwe kwa zamu ukingoni mwa beseni au sanduku, kamba ikikunjwa ndani, ili zitoke moja moja bila kumnasa mtu. Maboya ya kila ncha yaonekane vizuri. Kamba iliyotegwa jioni iinuliwe mapema asubuhi, kwa kuwa samaki aliyekufa majini kwa saa nyingi huharibika, na mnunuzi hutambua. Magugu maji yakiletwa na upepo, ni afadhali kungoja siku nyingine kuliko kupoteza kamba nzima.

KUMTOA SAMAKI, NA USALAMA

Mshipi usizungushwe mkononi hata mara moja. Mbuta mzito akikimbia, kitanzi hukaza, na mtu aweza kukatwa vidole au kuvutwa majini. Mvuvi avae glavu au afunge kitambaa, naye auachie mshipi upite kila samaki anapotaka kukimbia. Samaki akichoka, aletwe ubavuni mwa mtumbwi na kuinuliwa kwa wavu wa mkono au kiopoo. Asiinuliwe kwa mshipi, maana hapo ndipo wengi hupotea. Koleo na kisu viwe karibu, na kila mtu chomboni awe na jaketi la kuokolea, kwa kuwa upepo wa ziwa hili hugeuka kwa ghafula.

Kabla ya kununua vyombo vingi, mvuvi aulize kamati ya usimamizi wa ufuo wake au ofisi ya uvuvi ni ndoana za ukubwa gani zinazoruhusiwa, na leseni gani yatakiwa. Kamati hizo zilipewa kanuni zake mwaka 2007, na wajumbe wake ni wavuvi wenyewe pamoja na wenye vyombo na wauza samaki.

Ufito mzuri ni fahari ya mwenye nao, wala si dhambi kuupenda. Lakini anayejua kuchagua ndoana atavua leo kwa mwanzi, na samaki anaowaacha wapite bila kuguswa watakuwa wakubwa siku za mbele, kwake na kwa wanawe. Akiba haiozi.