Nilivyodesa Lebo: Somo la Kuonja Mvinyo wa Porto

Muhula mmoja niliusoma Ureno, katika mji wa Porto, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi wa sayansi ya chakula. Somo lililonitoa jasho kule halikuwa kemia wala takwimu. Lilikuwa tathmini ya chakula kwa milango ya fahamu: unatazama, unanusa, unaonja, unaandika ulichokikuta. Nililiona la mteremko. Jaribio la kwanza nikapata 7 kati ya 20, na kule chini ya 10 umefeli.

Ilikuwa hivi. Tuliwekewa glasi mbili za mvinyo wa Porto aina ya Tawny, na nyuma ya kila glasi chupa yake. Moja imeandikwa miaka 10, nyingine miaka 40. Nikaonja, nikaandika kwamba ule wa 40 una kina, una harufu ya jozi, lozi na aprikoti iliyokaushwa. Ule wa 10 nikaupa mstari mmoja: mchanga, mwepesi. Mwalimu alipokusanya karatasi akatuambia kwamba glasi alikuwa amezibadilisha. Nilichokisifia kwa aya nzima kilikuwa cha miaka 10. Darasa kimya. Karatasi yangu ilirudi na swali moja kwa wino mwekundu: aprikoti umewahi kula? Sijawahi. Yaani nilidesa mara mbili, namba kwenye lebo na maneno kwenye kitini.

Kwa hiyo ilinibidi nianze upya, na kwanza nielewe nilichokuwa nakinywa.

Mvinyo wa Porto hutoka bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, eneo lililowekewa mipaka rasmi mwaka 1756. Mizabibu imepandwa kwenye matuta ya miteremko mikali yenye mawe, na kiangazi jua la kule linakukumbusha Dodoma. Zabibu zikishakamuliwa zinaachwa zichachuke siku chache tu. Kabla chachu haijamaliza sukari yote, humwagwa ndani yake pombe kali ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77, kwa makadirio sehemu moja kwa nne za juisi. Chachu inakufa pale pale. Sukari iliyobaki inabaki, ndiyo maana mvinyo huu ni mtamu, na kileo chake ni asilimia 19 hadi 22, wakati mvinyo wa kawaida huwa kwenye 12 au 14.

Baada ya hapo ndipo njia zinapoachana. Ruby hutunzwa mbali na hewa ili ubaki mwekundu na wenye ladha ya tunda. Tawny huwekwa kwenye mapipa ya mbao ya lita 550 hivi, na mbao hupumua. Oksijeni inaingia kidogo kidogo, maji na kileo vinatoka kama mvuke, karibu asilimia 2 kwa mwaka. Wekundu unafifia, ukakasi unalainika, sukari inakolea. Mapipa mengi yako Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mto kutoka Porto, kwa sababu upepo wa Atlantiki unapoza maghala. Ukipita kwenye vichochoro vya pale mchana unausikia mvinyo puani hata kabla hujaona mlango.

Sasa ile namba. Wengi tulidhani miaka 20 maana yake mvinyo umekaa pipani miaka 20, kama mtu anavyotimiza umri. Sivyo. Tawny ya miaka 20 ni mchanganyiko wa mvinyo wa mavuno mbalimbali, mwingine mkongwe zaidi, mwingine mdogo zaidi. Mchanganyaji anausuka hadi ufanane na kile kinachotarajiwa kwa umri huo. Kabla ya kuuzwa, sampuli hupelekwa kwenye taasisi ya serikali inayosimamia mvinyo wa Douro na Porto, na jopo la waonjaji huamua kama kweli una sifa za 10, 20, 30 au 40. Tangu 2022 ipo pia ya 50. Kwa maneno mengine, ile namba ni hukumu ya pua na ulimi wa watu. Ukitaka mwaka halisi wa mavuno tafuta neno Colheita: hiyo ni Tawny ya mavuno ya mwaka mmoja, iliyokaa kwenye mbao si chini ya miaka saba. Hili liliniliwaza kidogo. Kama lebo yenyewe imetokana na watu kunusa na kubishana, basi nami naweza kujifunza.

Jinsi ya kulinganisha si siri. Glasi ziwe za aina moja, zenye mdomo uliobana, kila moja na kiasi kidogo tu, vijiko vitatu au vinne. Mtu mwingine amimine na aandike namba za siri chini ya glasi, wewe usione chupa. Ubaridi uwe nyuzi 12 hadi 16. Ukionjea kwenye joto la Dar es Salaam kileo kitakupiga puani na hutasikia kingine, kwa hiyo weka chupa kwenye friji mapema. Usizidishe glasi tano. Na uteme! Ndoo ya kutemea si ushamba, ni kifaa cha kazi, maana kwa asilimia 20 ya kileo ukimeza kila funda, glasi ya tatu zote zinakuwa tamu sawa. Katikati sukutua kwa maji, tafuna mkate mkavu. La muhimu kuliko yote: andika kabla hujazungumza. Jirani akishasema "karanga", basi, kila mtu anasikia karanga.

Rangi huangaliwa juu ya karatasi nyeupe, ukiinamisha glasi. Wa miaka 10 una wekundu wa tofali la kuchoma. Wa 20 umekaribia chai ya rangi iliyokolea. Wa 40 ni kahawia, na ukingoni kuna ukijani mwembamba ambao mwanzoni nilidhani ni taa ya maabara.

Harufu ndipo nilipokwama, na ndipo nilipojikwamua. Kitini kilikuwa na maneno zaidi ya hamsini, mengi ya vyakula vya Ulaya. Mwalimu akaniambia nikiweke mkobani, nifunge macho, niseme nimenusa kitu hicho wapi. Nikanusa glasi ya 40. Ajabu, nikajikuta Tanga, jikoni kwa shangazi yangu mwaka aliojifungua, sufuria ya uji wa uwatu juu ya jiko la mkaa. Nikaandika "uwatu", nikaongeza "sukari guru". Niliona aibu kidogo, kana kwamba nimeleta mambo ya jikoni kwenye maabara.

Mwalimu alicheka kwa furaha, akaandika ubaoni jina la kampaundi: sotoloni. Ndiyo inayoupa uwatu harufu yake, imekutwa pia kwenye sukari ghafi ya miwa, na katika mvinyo wa Porto uliozeekea pipani huongezeka kadiri miaka inavyokwenda na hewa inavyoingia. Kumbe pua yangu ilikuwa imeshika kipimo cha umri ambacho wenzangu Waulaya walikuwa wanakizungukia kwa maneno kama karameli na mchuzi wa binzari. Kuanzia siku ile nikatengeneza orodha yangu: tende, zabibu kavu, korosho zilizokaangwa, ganda la chungwa, asali, kashata iliyoungua kidogo, mbao za kabati la bibi. Aprikoti nikainunua sokoni Porto, nikaila, nikaiongeza. Ile nayo sasa ni yangu.

Mdomoni tafuta mambo matatu tu. Utamu, ukijua kwamba mvinyo mkongwe una sukari iliyokolea zaidi. Uchachu, kwa sababu nao hukolea, na bila huo mvinyo wa 40 ungekuwa shira. Na muda: ukishatema, hesabu sekunde ladha inazobaki. Wa 10 uliniacha mapema. Wa 40 nilikuwa bado nausikia nikiwa kwenye basi.

Kuna jambo watu huniuliza tangu nirudi, kama asiyekunywa anaweza somo hili. Darasani tulikuwa na mwenzetu Mwislamu kutoka Misri ambaye hakutia tone mdomoni muhula mzima. Alitazama na kunusa tu, mwalimu akakubali, na mara nyingi alipanga umri sawa kuliko sisi tuliokuwa tunasukutua.

Mtihani wa mwisho ulikuwa glasi nne bila chupa: miaka 10, 20, 40 na Colheita moja. Nilianza na uwatu. Glasi moja haikuwa nao kabisa, ilinuka tunda na korosho. Hiyo nikaiita 10. Moja ilikuwa uji wa shangazi mtupu, hiyo 40. Mbili za katikati zikanitesa dakika ishirini. Moja ilikuwa laini, imetulia pande zote, nyingine ina uchachu unaochoma kidogo kama ndimu. Nikasema laini ndiyo Colheita. Nikakosea. Ule ulaini ulikuwa wa mchanganyiko wa 20, kazi ya mchanganyaji anayeziba mapengo ya mwaka mmoja kwa mwaka mwingine. Mwaka mmoja peke yake hauna wa kuuzibia, makali yake unayakuta yalivyo.

Nilipata 14. Safari hii hapakuwa na swali la wino mwekundu, ila mwalimu alizungushia duara neno "uwatu", akaniuliza tahajia yake, na kabla sijaondoka nikalikuta limeandikwa kwa mkono pembezoni mwa kitini cha darasa.