Ni Nini Humsukuma Mtu Kuanza Kutengeneza Video?

Msafiri apitaye leo katika stendi ya mabasi ya Korogwe, au katika mitaa ya Chanika mjini Handeni, huweza kumwona kijana aliyeinua simu mbele ya uso wake akizungumza nayo kama mtu azungumzavyo na rafiki. Mwingine huigiza kichekesho na wenzake. Mwingine hueleza jinsi ya kupambana na viwavijeshi katika shamba la mahindi. Picha hizo hupelekwa katika mtandao wa intaneti, na baada ya dakika chache huweza kutazamwa Mombasa, Muscat au Toronto.

Wapo walimu wanaoliona jambo hili kuwa ni upuuzi, na wapo wanaoliona kuwa ni tamaa ya fedha tu. Maelezo yote mawili ni mepesi mno. Msukumo wa binadamu ni jambo linaloweza kuchunguzwa kisayansi, na uchunguzi huo una faida kwa shule. Mwanafunzi aanzaye kwa sababu moja, kisha akatazamia matunda ya sababu nyingine, ndiye aliye karibu zaidi na kuvunjika moyo, pengine baada ya kutumia fedha za ada kununulia simu.

Wilaya ya Korogwe ina historia katika jambo hili ambayo wakazi wake wengi hawaijui. Huko Vugiri, katika milima ya Usambara, ndiko yalikowekwa mwaka 1935 makao ya mradi ulioitwa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Upigaji wa picha uliongozwa na Meja L. A. Notcutt, na mambo ya elimu yaliongozwa na G. C. Latham, aliyepata kuwa mkuu wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka katika Shirika la Carnegie la Marekani. Mpaka mradi ulipofikia mwisho mwaka 1937, zilikuwa zimetengenezwa filamu zipatazo 35 juu ya mambo kama safura, mmomonyoko wa udongo na kilimo cha chai. Mojawapo ilieleza Benki ya Akiba ya Posta kwa njia ya hadithi: mtu mmoja anaweka fedha zake benki, mwenzake anazifukia ardhini na mwizi anazichukua. Sauti haikuwamo katika ukanda wa filamu, bali katika sahani za santuri, hivyo picha ile ile iliweza kuelezwa kwa lugha mbalimbali. Lori lilibeba mitambo kutoka kijiji hadi kijiji, na watu walikusanyika uwanjani usiku.

Sasa tuulize: ni nini kilichowasukuma watengenezaji wale? Notcutt mwenyewe aliandika kwamba wazo lilimjia mwaka 1926, alipokuwa akisimamia mashamba makubwa katika Afrika ya Mashariki. Alidhani sinema ya shambani ingesaidia kuwafanya vibarua waridhike na kazi. Wamisionari waliounga mkono mradi walikuwa na hofu juu ya mabadiliko yaliyokuwa yakivikumba vijiji. Serikali za kikoloni zilitaka mafunzo ya afya na kilimo. Waafrika waliigiza na kutazama, lakini uamuzi juu ya kipi kipigwe picha haukuwa wao. Kwa hiyo kazi moja ilibeba misukumo mitatu au minne kwa pamoja, na hilo ndilo la kwanza la kukumbuka: ni nadra tendo moja kuwa na sababu moja.

Jambo la pili ni gharama. Vugiri palihitajika kamera, dawa za kusafishia filamu, lori na wataalamu. Leo simu moja hufanya karibu kazi hizo zote. Mtandao wa YouTube ulipoanza, video ya kwanza kabisa, iliyowekwa tarehe 23 Aprili 2005, ilikuwa na urefu wa sekunde 19 tu: kijana Jawed Karim amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama huko Marekani, akisema mambo mawili matatu juu ya mikonga yao. Haikuwa na hadithi wala faida. Gharama ikishuka kiasi hicho, msukumo mdogo sana hutosha kumwanzisha mtu. Mtu hahitaji tena kuwa na lengo kubwa ndipo aanze.

Je, tamaa ya kuonekana na kusikika ililetwa na simu? Hasha. Wasomaji wenye umri wanazikumbuka kadi za salamu za redio. Mtu alinunua kadi kwa fedha zake, akaandika majina ya ndugu na marafiki, akaipeleka redioni, kisha akasubiri asikie jina lake likitajwa. Wapo waliojipatia sifa nchi nzima kwa salamu tu, wakajipa na majina ya utani. Hakuna aliyelipwa, bali kila mmoja alilipa. Kwa maoni yangu ushahidi huu wa nyumbani una nguvu zaidi ya hoja nyingi za vitabuni dhidi ya dhana kwamba fedha ndiyo chanzo.

Hata hivyo vitabu vinatusaidia kupanga mawazo. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wa Marekani hutenganisha msukumo wa ndani na msukumo wa nje. Wa ndani ni ule unaomfanya mtu atende kwa sababu tendo lenyewe linampendeza. Achezaye bao barazani hadai mshahara. Wa nje hutokana na kile kifuatacho baada ya tendo, kama ujira, sifa au adhabu. Wataalamu hao husema kwamba msukumo wa ndani hustawi pale mahitaji matatu ya nafsi yanapotimizwa: uhuru wa kuamua, kuona kwamba umahiri unakua, na kuungana na wengine. Mfikirie kijana wa Kabuku mwenye simu. Anachagua mwenyewe la kusema. Anaona kwamba video yake ya tano ni bora kuliko ya kwanza. Watu wanamjibu. Nathubutu kusema kwamba katika madarasa yetu mengi mwanafunzi huyo huyo hupata kidogo sana cha kwanza, na cha tatu hukipata wakati wa mapumziko tu.

Hitaji la kuungana lina sura ya pekee huko Handeni. Wazigua wengi walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 na kupelekwa Somalia, na wazao wao katika bonde la mto Juba waliendelea kukisema Kizigua. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 viliwatawanya: baadhi walirejea katika nchi ya babu zao na kupewa makazi huko Chogo, wilayani Handeni, wengine walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2003. Kwa mtu wa ukoo kama huo, kurekodi hadithi ya bibi kwa Kizigua na kuiweka mtandaoni ni kama kuandika barua kwa ndugu ambao anwani zao hazijulikani. Watazamaji 40 wakipatikana, huenda hao ndio hasa waliotafutwa.

Tuchukue mfano mwingine ulio jirani. Atokaye Korogwe kwa basi kwenda Dar es Salaam hupita Segera, Kabuku na Mkata, kisha huingia mkoa wa Pwani na kupita Lugoba. Katika kijiji cha Mindu Tulieni, upande huo wa Lugoba, anatoka kijana wa Kimasai anayejulikana duniani kwa jina la Kili Paul. Yeye na dada yake, Neema, walijirekodi wakifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, na mwaka 2021 video zao zilienea sana India. Februari 2022 Ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ulimpa heshima, na tarehe 27 ya mwezi huo Waziri Mkuu Narendra Modi aliwataja ndugu hao katika hotuba yake ya redio. Kijana huyu alikuwa mfugaji. Kijijini hapakuwa na umeme, na simu ilibidi ipelekwe Lugoba kuchajiwa. Aliwaeleza waandishi wa habari kwamba alizipenda filamu za Kihindi tangu utotoni. Sifa na kazi za malipo zilikuja baadaye, mapenzi yalitangulia.

Lakini wanaomtazama leo huona mwisho wa safari, wakadhani ndio mwanzo wake. Hapo hesabu ni dawa nzuri. Ili mtu agawiwe mapato ya matangazo ya YouTube kwa njia ya video za kawaida, anatakiwa awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila mtazamaji hukaa dakika 2, zinatakiwa mara 120,000 za kutazamwa. Kama kila video hupata watazamaji 200, mtu huyo atahitaji video 600 kwa mwaka, karibu mbili kila siku, na bado hajalipwa hata senti. Zaidi ya hayo kuna sheria. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya leseni ya shilingi 1,000,000. Zimebadilishwa tangu hapo, na mwalimu atafanya vema kusoma zile zinazotumika kabla darasa halijafungua chaneli yake.

Malipo yana athari nyingine isiyotazamiwa. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichagua watoto wadogo waliopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti kama lingechora. La pili lilipewa cheti bila kuahidiwa. La tatu halikupewa kitu. Baada ya siku kadhaa watoto waliachwa wacheze wapendavyo. Wale walioahidiwa walitumia takriban nusu tu ya muda ambao wenzao walitumia kuchora. Ahadi ilikuwa imegeuza mchezo kuwa kibarua. Vivyo hivyo aliyeanza kwa kupenda kupika, akaanza kuhesabu watazamaji, huenda akachoka na kupika kwenyewe.

Mbona basi wengine hawachoki? Charles Ferster na B. F. Skinner walionyesha mwaka 1957 kwamba njiwa apewaye punje kwa zamu zisizotabirika huendelea kudonoa kwa bidii kubwa, hata punje zinapokatika. Hesabu ya watazamaji hupanda na kushuka namna hiyo: leo 30, kesho 5,000, keshokutwa 12. Wala haipandi kwa ubora peke yake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts waliwapa watu zaidi ya 14,000 nyimbo 48 zisizojulikana. Katika makundi ambamo kila mtu aliona wimbo upi umechaguliwa na wengi, nyimbo chache ziliwaacha wenzake mbali, na mshindi hakuwa yule yule katika kila kundi. Nyimbo bora sana hazikushindwa ila kwa nadra, na mbaya sana hazikushinda ila kwa nadra. Zilizobaki katikati ziliamuliwa na bahati kwa kiasi kikubwa.

Wanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne wanaweza kulichunguza jambo hili katika kata yao. Kila mmoja atafute watengenezaji wa video watatu. Lakini asiwaulize kwanza, "Kwa nini ulianza?" Richard Nisbett na Timothy Wilson walionyesha mwaka 1977 kwamba watu hueleza sababu za matendo yao kwa ujasiri, kumbe mara nyingi sababu halisi wameikosa. Ni heri kuuliza mambo yanayoshikika: video ya kwanza ilikuwa ipi, ilipigwa wapi, nani alishika simu, ilipelekwa kwa nani, kifurushi cha intaneti kilinunuliwa kwa fedha gani. Kisha mwanafunzi aitazame video hiyo yenyewe, kwani mara nyingi tarehe yake bado ipo. Swali la "kwa nini" liulizwe mwisho, na majibu yake yalinganishwe na yale ya mwanzo.

Tena wasiwaulize wanaoendelea tu. Walioacha baada ya video tatu au nne ni vigumu kuwapata mtandaoni, lakini kijijini wapo, na fundi simu wa hapo sokoni kwa kawaida anawajua.