Heroe wa Ziwa Natron

Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, halina mto utokao humo. Maji hugeuka mvuke, magadi yakabaki. Katika ukali huo huishi viumbe vidogo mno, ambavyo ni chakula cha heroe mdogo na asili ya rangi yake ya waridi. Heroe hujenga viota vya matope ziwani, mahali ambapo fisi hafiki kwa urahisi. Kila jozi hutaga yai moja tu. Wazazi wakishtushwa, huweza kulitelekeza. Ziwa hili liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2001. Basi wanafunzi wanaolizuru na watembee ufukoni, watumie darubini, wala wasivikaribie viota.

Swali: Maji yakipungua mno, nani atafaidika, heroe au fisi? Eleza.