DARASA: MAJI YA MANUKATO YAPAKWAYO BAADA YA WEMBE
Yafaa kutumiwa, au yaachwe?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyependa usafi akaufanya kuwa ufunguo wa sala. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ahali zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo: katika mambo yazungumzwayo barazani na mbele ya vinyozi ni yale maji ya manukato wapakayo watu usoni na shingoni wakisha kunyolewa. Wako wasemao kuwa ni tembo, na ayapakaye hana sala. Wako wasemao kuwa ni marashi tu, hayana neno. Na khitilafu hii imefika kuwaingia watu majumbani mwao.

Kijana alirudi safari siku ya kuamkia Idi, akampelekea babake chupa ya maji hayo. Akasema, "Shikamoo baba. Nimekuletea manukato ya Idi." Mzee akaifungua, akainusa, akaitia mkononi mwa mwanawe, akasema, "Marahaba mwanangu. Lakini hii ni spiriti, na mimi ni mtu wa kusali. Itoe nyumbani mwangu." Kijana akaondoka kwa uchungu, na Idi ikapita hawakula sinia moja. Basi mas-ala iliyotenga baba na mwana siku ya Idi yastahiki kusomwa kwa utulivu.

MAS-ALA YA KWANZA: NI KITU GANI?

Maji haya asili yake ni jamaa moja na yale yaitwayo kolon, yaliyopata jina lake katika mji wa Cologne, Ujerumani, ambako nyumba ya Farina ilianzishwa mwaka 1709 kwa kazi ya manukato. Huko Marekani yakatokea ya wanyoaji khasa. Mashuhuri katika ya bei rahisi ni Old Spice, ambayo kampuni ya Shulton iliwatolea wanaume mwaka 1938, kwa alama ya jahazi la matanga. Mwaka 1990 jina hilo lilinunuliwa na kampuni ya Procter & Gamble, na mpaka leo lauzwa.

Ukisoma kibandiko cha chupa za namna hii utakuta vitu vitatu vikubwa: spiriti, maji, na manukato. Nyengine hutiwa mentoli ili zipoze. Na spiriti hiyo hupatikana kwa njia mbili: ama kwa kuchachua vitu kama miwa na nafaka kisha kuvukiza, ama kwa kutengenezwa katika viwanda kwa gesi itokayo katika mafuta ya ardhini. Aghlabu huchanganywa na kitu kichungu au chenye sumu ili isinyweke. Basi aifanyaye hakukusudia kinywaji, na ainywaye hujidhuru mwili wake na dini yake pamoja.

MAS-ALA YA PILI: KUNYOA KWENYEWE

Kabla ya kuuliza hukumu ya kinachopakwa, na iulizwe hukumu ya kilichonyolewa. Hadithi ya Abu Huraira (Mwenyezi Mungu amwie radhi) yataja mambo matano ya maumbile: kutahiri, kunyoa kinena, kupunguza masharubu, kukata kucha, na kung'oa nywele za kwapa. Na Anas amepokea kwamba haya yasiachwe kupita siku 40. Kunyoa kichwa ni katika ibada za Haji na Umra, na siku nyengine ni ruhusa.

Ama ndevu, Mtume (S.A.W.) ameamrisha ziachwe. Katika madhehebu yetu, kauli iliyotegemewa na Maimamu wa mwisho, kama Ibn Hajar na Ramli, ni kuwa kuzinyoa ni makuruhu. Na wako wanavyuoni wa Kishafii waliosema ni haramu, wakiegemea maneno ya Imamu Shafii mwenyewe katika kitabu cha Al-Umm. Basi mtu asijenge ghorofa ya manukato juu ya msingi ambao sharia haiupendi. Lakini aliyenyoa kichwa, au aliyetengeneza masharubu na shingo, huyo hana lawama, na suala lake lataka jawabu.

MAS-ALA YA TATU: TOHARA YAKE

Hapa ndipo penye uzito. Madhehebu ya Imamu Shafii ni kuwa kila kilevi cha majimaji ni najisi. Dalili itajwayo ni aya ya 90 ya Suratul Maida, ambayo imeita khamri kuwa ni uchafu. Imamu Nawawi, pamoja na kushika kauli hii, ameeleza kwa insafu katika Al-Majmuu kwamba aya hiyo peke yake si dalili ya wazi ya unajisi, kwani si kila kiitwacho uchafu huwa najisi. Na iliyo karibu zaidi kwake ni hoja ya Ghazali, kwamba imehukumiwa unajisi ili watu wakemewe na waiepuke.

Kauli ya pili ni kuwa khamri ni haramu kuinywa, lakini dhati yake ni tohara. Hiyo imepokewa kwa Rabia, mwalimu wa Imamu Malik, na kwa Layth bin Saad wa Misri, na kwa Muzani, naye ni mwanafunzi wa Imamu Shafii mwenyewe. Wasemao hivi hutoa hoja kwamba aya ile ile imetaja kamari na masanamu, na hapana asemaye kuwa mwenye kugusa sanamu aoshe mkono. Na kwamba khamri ilipoharimishwa watu wa Madina waliimwaga njiani wapitamo watu.

Kisha pana jambo la tatu, nalo ni spiriti ya manukato khasa: je, huitwa khamri? Abu Hanifa ametenga khamri ya zabibu na tende mbali na vyenginevyo, na kwa msingi huo Mahanafi wengi wa leo wameona spiriti ya viwandani si najisi. Na katika Mashafii wa zama za karibu wamo waliosema kuwa majimaji yenye najisi yatiwayo katika dawa na manukato kwa ajili ya kuyatengeneza husamehewa kwa kadiri ya haja, kwa kuyapima na chachu ya kugandishia jibini. Na mwaka 1995, huko Kuweit, maulamaa na matabibu waliokutana chini ya Jumuiya ya Kiislamu ya Elimu za Tiba walitoa uamuzi kwamba spiriti si najisi, na kwamba hapana kizuizi kuitumia kusafishia ngozi na vidonda, wala kutumia manukato iliyoyeyushiwa.

Basi ataka nini mtu wa kawaida? Akishika kauli ya madhehebu yake, ameshika kamba madhubuti. Akifuata kauli ya pili kwa kumtegemea mwanachuoni, hakutoka katika dini, wala sala yake haibatilishwi na jirani yake. Na lililo bora ni kutoka katika khitilafu pale inapowezekana.

Na hapa inawezekana kwa wepesi. Spiriti huruka upesi katika ngozi, lakini kwa Mashafii kukauka peke yake si kutoharisha, yatakikana maji. Ikiwa dhati yake imeondoka, haionekani wala haina ladha, yatosha maji kupita mara moja mahali pale. Na Nawawi amesahihisha katika Minhaj kwamba kosho moja latosha kwa hadathi na najisi pamoja, tafauti na Rafii aliyetaka makosho mawili. Harufu iliyo ngumu kuondoka haidhuru. Basi mwenye kuyapaka kisha akaosha uso, shingo na kila mahali yalipofika, kisha akatawadha, sala yake ni sahihi hata kwa mkali wa watu. Na aziangalie nguo zake na kola yake, kwani huko ndiko matone husahauliwa.

Ama kumpeleleza imamu, amepakwa nini na kinyozi wake, hilo silo tuliloamrishwa. Asili ya Muislamu ni tohara, na yakini haiondolewi na shaka. Amwachaye imamu na jamaa kwa harufu aliyoisikia amepoteza thawabu za yakini kwa dhana.

MAS-ALA YA NNE: FAIDA NA MADHARA YAKE

Watu hudhani kwamba yakichoma ndipo yafanyapo kazi. Si hivyo. Spiriti huwasha kwa kuwa huamsha mishipa ya ngozi ihisiyo joto, ngozi ikadhani imeungua. Ni kweli kuwa spiriti yenye nguvu ya kutosha, kiasi cha sehemu 60 mpaka 95 katika 100, huua vijidudu vingi. Lakini hukausha ngozi pia, na mwenye ngozi kavu au laini huzidi kuumia.

Tena kuna vile vipele vya wembe shingoni na kidevuni, viwapatavyo sana watu wa nywele za kusokota. Sababu yake ni kuwa unywele uliokatwa karibu mno hujikunja, ukaingia tena katika ngozi. Hili haliponywi na manukato. Dawa yake ni kutokata karibu mno, kulainisha kwa maji ya moto kabla, na kuufuata unywele uelekeako. Na dawa iliyo kubwa kuliko zote, kwa kauli ya matabibu, ni kuziacha ndevu zikue. Tazama jinsi sunna ilivyotangulia tiba.

Na lililo zito zaidi: wengi hujidhania salama kwa sababu kinyozi amewamwagia spiriti alipomaliza. Wembe uliotumiwa kwa mtu mwengine huweza kuchukua maradhi ya damu, kama homa ya ini na ukimwi, na spiriti ya kupaka baada ya jeraha haiyazuii. Wembe mpya kwa kila kichwa ni wajibu wa kinyozi, na kuutaka ni haki ya mnyolewaji. Kujihifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia.

Asiyetaka maji haya hakukosa kitu. Maji baridi huburudisha ngozi. Na shabu, lile jiwe jeupe walitumialo wazee wetu, huizuia damu ya mikwaruzo midogo, haina spiriti wala khitilafu, na kipande kimoja hukaa muda mrefu. Kwa harufu nzuri uko uturi wa mafuta, udi, na marashi ya mawaridi. Na anayeyataka, ya bei rahisi yamtosha: aghlabu ya ghali na ya rahisi ni spiriti na maji yale yale, na kinachozidi ni harufu, chupa na jina. Yawekwe mbali na moto, kwani huwaka. Na mbali na watoto, kwani ni sumu.

MAS-ALA YA TANO: ADABU ZAKE

Manukato ni sunna iliyo mashuhuri, na khasa siku ya Ijumaa baada ya kuoga, kama ilivyo katika hadithi ya Salman. Lakini mwenye kuhirimia Haji au Umra ni haramu kwake kujitia manukato, na katika maji haya harufu ndiyo iliyokusudiwa. Basi ayaache mpaka ajivue ihramu. Na mwenye kufunga ni makuruhu kunusa manukato mchana. Wala mtu asijimwagie mpaka jirani yake katika safu akapiga chafya: aliyekatazwa kuja msikitini na harufu ya kitunguu amekatazwa kwa sababu ya maudhi, na maudhi ni maudhi.

KHATIMA

Mukhtasari wa darasa hili ni kuwa maji haya si dawa ya lazima, wala si dhambi ya kuvunjiana heshima. Aliye na ngozi yenye afya na akayapenda, na ayatumie kwa kiasi, kisha aoshe kabla ya sala, awe ametoka katika khitilafu. Mwenye ngozi dhaifu au moyo wenye shaka, shabu na uturi vyamtosha.

Na yule mzee wa chupa? Ushikaji wake wa madhehebu ni wa kusifiwa. Lakini imethubutu kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa harudishi manukato anayopewa. Angaliweza kuipokea, akamwombea mwanawe dua, akamweleza mas-ala kwa upole, kisha akasema, "Mwanangu, Idi ijayo niletee uturi." Naye kijana kabla ya kununua angaliuliza babake asalipo na madhehebu gani. Sinia ingaliliwa, na elimu ingalifika. Wallahu aalam.

MASUALI YA KUJIPIMA
1. Ni nani katika wanafunzi wa Imamu Shafii aliyesema khamri ni tohara kwa dhati yake?
2. Aliyepakwa maji haya afanye nini kabla ya sala ili atoke katika khitilafu?
3. Kwa nini spiriti haimhifadhi aliyenyolewa kwa wembe uliokwisha tumiwa?
4. Taja hali mbili ambazo manukato huachwa.