Nenda Kwake Kwanza

Somo: Msamaha na umoja kati ya waamini
Someni: Mathayo 5:23-24 na Mathayo 18:15-35



Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, Dzaleka palikuwa gereza. Wenyeji hutueleza kwamba jina hilo ni kama mtu anayesema, "Nimeacha, sitarudia tena." Ni neno la toba. Basi sisi tunaokaa hapa tujiulize: tumeacha nini?

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaagiza wakimbizi waliokaa mijini warudi kambini. Ndugu zetu wa Lilongwe wakafunga maduka, wakaja. Kambi iliyokusudiwa watu 10,000 hadi 12,000 ilikwisha kupita 50,000. Tukabanana. Ndipo maneno yakaanza. Wa kambini tulisema, "Mlipokuwa na maduka mlitusahau." Wa mjini tukajibu, "Mmetupokea shingo upande." Tukashiriki meza ya Bwana bila kusalimiana.

Katika Mathayo 18 Yesu anasimulia habari za mtumishi aliyedaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ni malipo ya kibarua kwa siku. Deni lile asingelimaliza maisha yake yote, naye alisamehewa. Mwenzake alidaiwa naye dinari 100 tu. Lakini tuangalie vizuri: dinari 100 ni kazi ya miezi mitatu na zaidi. Bwana hakusema deni hilo si kitu. Uliloumizwa na mwenzako ni deni kweli. Ila ukilipima kando ya lile ulilosamehewa, utapata nguvu ya kuliachilia.

Tufanyeje? Bwana ameweka njia. Kwanza, mwendee ndugu yako, ninyi wawili peke yenu. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili, nao wasiwe wa kabila lako tu. Asipowasikia hao, liambie kanisa. Sisi tumeigeuza njia hii: tunaanza bombani, tunapita kwenye kwaya, na mwenye kosa anasikia wa mwisho.

Na kama wewe ndiye uliyekosa? Mathayo 5 inasema uiache sadaka yako pale madhabahuni, ukapatane kwanza. Usingoje aanze yeye.

Tusikosee hapa. Kusamehe si kuficha uovu. Aliyepigwa au kudhulumiwa mwili asinyamazishwe kwa jina la msamaha. Asaidiwe, na jambo lifikishwe kwa wahusika. Tena wako kati yetu waliopoteza watu wao vitani, Kongo, Burundi na Rwanda. Vidonda hivyo havifungwi kwa siku moja. Tuwabebe kwa maombi, tusiwaharakishe.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Ni nani nimemsema kwa wengine kabla ya kumwendea?
2. Je, watoto wetu wamejifunza kwetu kusema "wale wa mjini" na "wale wa kambini"?
3. Kabla ya Meza ya Bwana ijayo, nitabisha mlango wa nani?

Tuombe: Baba, umetusamehe deni tusiloweza kulilipa. Utupe miguu ya kwenda kwa ndugu zetu. Amina.