Kufungwa na Kufunguliwa kwa Misikiti Siku za Maradhi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ilipofika tarehe 11 Machi 2020, Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kuwa maradhi ya korona yameenea dunia nzima. Siku sita baadaye, tarehe 17, Saudia ilisimamisha swala za jamaa katika misikiti yote isipokuwa Misikiti Miwili Mitakatifu. Kenya nayo ilifunga nyumba za ibada kabla ya mwezi kwisha. Tanzania haikuzifunga. Basi watu wa pwani moja, wenye madhehebu moja, waliosoma kitabu kimoja kwa walimu wamoja, wakawa huku mlango wa msikiti una kufuli na kule watu wamesimama safu. Hapo maneno yakawa mengi. Waliotaka misikiti ifunguliwe waliwaita wenzao madhaifu wa imani, wenye kumwogopa mdudu kuliko Muumba. Na waliotaka ifungwe waliwaita wenzao wauaji. Maradhi yalipungua, walakini maneno hayo bado husikika barazani, na yatakapozuka maradhi mengine yatarudi vile vile. Kwa hivyo ni bora masala haya yasomwe wakati watu wametulia, kwani mwenye khofu na mwenye hasira wote wawili hawasikii.

KHABARI YA SAYYIDNA UMAR

Kukhitilafiana katika jambo hili si jambo jipya. Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) alitoka Madina kwenda Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh akapewa khabari kuwa Sham imeingia tauni. Akawaita Muhajirina, wakakhitilafiana: wengine wakasema umetoka kwa jambo, usirudi, wengine wakasema usiwaingize masahaba wa Mtume katika tauni. Akawaita Ansari, nao wakakhitilafiana vile vile. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, na hao wakawa neno moja: rudi na watu. Akaazimia kurudi.

Abu Ubaida bin Al-Jarrah akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Sayyidna Umar akamjibu kuwa naam, anaikimbia kadari kwa kuikimbilia kadari, na akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye pande mbili, moja ina majani na moja kavu. Popote atakapochunga, ni kwa kadari. Baada ya hayo akaja Abdur-Rahman bin Auf, naye hakuwapo katika mashauri, akawapa hadithi aliyoisikia kwa Mtume (S.A.W.): ikisikiwa tauni katika nchi watu wasiiendee, na ikizuka walipo wasitoke kwa kuikimbia.

Msomaji na aangalie. Sahaba wakubwa walisema rai mbili zilizopingana, na hapana hata mmoja aliyemwambia mwenziwe kuwa imani yake imepunguka. Abu Ubaida alibaki Sham na watu wake, akafa kwa tauni hiyo ya Amwas, mwaka wa 18 wa Hijra. Muadh bin Jabal akashika mahali pake, naye akafa. Kisha akashika Amru bin Al-As, akawaamrisha watu watawanyike milimani. Wako waliompinga kwa maneno makali. Yeye hakuwajibu, akatoka na watu wakatoka, na tauni ikaondoka. Khabari ilipomfikia Sayyidna Umar hakuichukia. Watu wale hawakutoka katika nchi yenye tauni. Waliacha kukusanyika tu.

KHABARI YA IBN HAJAR

Sheikh Ibn Hajar Al-Asqalani, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyekufa mwaka 852 wa Hijra (1449), ametunga kitabu kizima juu ya tauni, nacho ni Badhlul-Maun. Hakukiandika kwa kusikia. Tauni ilimwua binti zake wawili mwaka 819, na wa tatu mwaka 833. Anaeleza kuwa mwaka huo wa 833 tauni ilipoanza Kairo, wafao kwa siku hawakufika arubaini. Watu wakaamrishwa kufunga siku tatu, kisha wakatoka jangwani makundi kwa makundi kuomba dua, kama wafanyavyo katika swala ya mvua. Wakarudi. Mwezi haukwisha illa wafao kwa siku wamepita elfu.

Kisa hiki kilisomwa sana mwaka 2020 na waliotaka misikiti ifungwe, na wengi walikisoma nusu. Ibn Hajar mwenyewe hakukubali kuwa tauni huambukiza. Yeye aliukataa mkusanyiko ule kwa kuwa haukupokewa kwa waliotangulia, na akaitaja hesabu ya wafu kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Na tauni, kwa ijulikanavyo leo, huletwa zaidi na viroboto vya panya, basi huenda hesabu ingepanda hata kama watu wangalikaa majumbani. Lakini mtu aliyezika wanawe, naye haamini ambukizo, hakuificha hesabu isiyoikubali rai yake. Waliobishana mwaka 2020, wa pande zote mbili, wachache walifanya hivyo.

KUAMBUKIZA

Walioipinga hoja ya kufunga walishika hadithi isemayo kuwa hapana ambukizo. Hadithi ni sahihi, walakini haikuja peke yake. Imekuja na amri ya kumkimbia mwenye ukoma, na makatazo ya mwenye ngamia wagonjwa kuwaleta kwa mwenye ngamia wazima. Maulamaa wengi wameziunganisha hivi: kinachokanushwa ni itikadi ya wakati wa ujahili kuwa ugonjwa huhama kwa nguvu zake wenyewe bila ya amri ya Mungu, sababu haikukanushwa. Lisanuddin Ibn Al-Khatib wa Andalusi, aliyeiona tauni ya mwaka 1348, alisema wazi kuwa kuambukiza kumethibiti kwa kuona na kujaribu.

Na korona ina jambo ambalo wengi hawakulifahamu mwanzo wake. Virusi vyake hutoka kwa pumzi na kuelea ndani ya chumba kisichopita hewa, na mtu huweza kuwapa wengine siku moja au mbili kabla hajakohoa. Basi kauli ya “mimi ni mzima, kwa nini nizuiwe msikitini?” haikuwa hoja. Na mzee wa safu ya mbele alikuwa katika khatari kuliko kijana aliyemwambukiza.

MASALA YA KUFUNGUA

Suala: Sababu ikipungua, yafaa misikiti iendelee kufungwa?

Jawabu: Haifai. Hukumu hufuata sababu yake, na dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Saudia ilifungua misikiti yake tarehe 31 Mei 2020, na ya Makka tarehe 21 Juni. Kenya ilitangaza tarehe 6 Julai kuwa watu wasizidi mia na wasizidi saa moja. Palipokuwa soko limejaa na gari la abiria limejaa na msikiti peke yake umefungwa, watu walikuwa na haki ya kuuliza. Ingawa soko la uwanjani si sawa na chumba chenye madirisha yaliyofungwa.

Suala: Ijumaa inasihi kwa watu wachache?

Jawabu: Kwa Imamu Shafii ni watu arubaini wakaazi. Mia inatosha, wakiwa chini ya arubaini wataswali adhuhuri. Kuzidisha Ijumaa katika mji kwa haja, watu wakiwa hawawezi kukusanyika pamoja, kunafaa, na kuswali adhuhuri baadaye kwa ihtiyati ni sunna.

Suala: Na kuachana katika safu, na kufunika mdomo?

Jawabu: Yote mawili ni makruhu, na karaha huondoka kwa haja. Sijida inasihi, kwani sharti ni paji la uso kuwa wazi, na barakoa hailifuniki. Ama kumfuata imamu kwa redio hali mtu yuko nyumbani mbali, swala haisihi.

Suala: Mwenye kikohozi na homa, msikiti ukiwa wazi?

Jawabu: Asende. Aliyekula kitunguu thomu amekatazwa kuukaribia msikiti kwa harufu yake tu, na maulamaa wamemkisia kwake mwenye maradhi ya kudhuru. Ataswali nyumbani, na aliyekuwa na ada ya jamaa huandikiwa kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mzima.

Wallahu aalam.